Lile Joho Lililobaki Troa

(Hotuba niliyoitoa mbele ya kikundi cha wajane na wagane, katika ukumbi wa kanisa letu, Mombasa)

Kasisi wetu, mama mwenyekiti, wajane na wagane wenzangu, Bwana asifiwe.

Nianze kwa kuungama. Nilipoombwa nije nizungumze juu ya faraja ya Neno, nilikataa mara mbili, na mama mwenyekiti ni shahidi. Mimi si mhubiri. Nimefundisha Kiswahili shule ya msingi miaka 34, nimesahihisha insha mpaka macho yakachoka, na hata sasa nikisimama mbele ya watu mkono hutafuta chaki. Mara ya tatu mama akaniambia, "Mwalimu, mahubiri tunayo kila Jumapili. Wewe tuambie tu huwa unasoma nini usiku." Hilo naliweza. Nitawaambia ninachosoma usiku, na mkiona nimeanza kupotea, nivuteni shati.

Mke wangu alifariki mwezi wa Machi, miaka mitatu iliyopita. Wengi wenu mlikuwako. Mlipika, mkafua mashuka, mkalala sebuleni kwangu juu ya mikeka. Siku zile za matanga simu yangu haikunyamaza, watu wakinitumia aya. Baadaye nilikaa nikazihesabu, maana ualimu hauishi mwilini: Warumi 8:28 nililetewa mara 11, na Yeremia 29:11 mara 9. Moja ilikuja na picha ya jua linatua na njiwa juu yake, nyingine na maua yanayometameta, na ndugu mmoja, Mungu ambariki, alinitumia kadi ya harusi kwa makosa. Ile ya harusi ndiyo iliyonichekesha, kwa hiyo labda ndiyo iliyonifaa zaidi.

Siwalaumu waliozituma. Mwenzako akifiwa unakosa la kusema, unashika lililo karibu na mkono. Ila hapa tuko wenyewe kwa wenyewe, niseme kweli: hazikunifika. Nilizisoma kama mtu aliyesimama steji akisoma kibao cha gari lisilokwenda kwao. "Nasi twajua ya kuwa katika mambo yote Mungu hufanya kazi pamoja na wale wampendao katika kuwapatia mema." Mema yapi? Kitanda kimekuwa kipana, sufuria imekuwa kubwa. Wiki nzima nilisonga ugali wa watu wawili kwa sababu mkono haukukijua kipimo cha mtu mmoja. Naona vichwa vinatikisika huko nyuma. Mnaujua huo ugali.

Aliyenifaa siku zile alikuwa jirani yangu wa nyumba ya pili, fundi seremala, Mwislamu, mzee kunizidi. Siku ya kwanza alikuja akanishika mkono, akasema maneno yao ya msiba, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun", akakaa. Kesho yake, ametoka kusali magharibi, akaja na birika la kahawa na vikombe viwili, akamimina, akakaa. Hakuniambia nijikaze, wala hakuniuliza mgonjwa alianzaje. Nikinyamaza, anyamaza. Nikilia, anatazama barabarani mpaka nimalize, kisha ananijazia kikombe. Akaja hivyo siku saba.

Siku ya nane nilikuwa peke yangu, na mkono ukaenda kwenye Biblia, nadhani kwa mazoea tu. Ikafunguka Ayubu. Mwisho wa sura ya pili nikakutana na wale marafiki watatu wanaokuja kumlilia mwenzao: "Basi wakaketi pamoja naye katika nchi siku saba, mchana na usiku, wala hapakuwa na mmoja aliyenena neno lo lote, kwa maana waliona ya kuwa mashaka yake ni makuu mno."

Nilicheka kwa sauti, peke yangu mle ndani. Hawa watu wamekuja matanga! Nimeisoma Biblia tangu utoto, nimefundisha shule ya Jumapili, na sikuwahi kuliona hilo. Sisi watu wa pwani hatuhitaji mfafanuzi wa kutueleza Elifazi na wenzake walikuwa wakifanya nini pale chini. Walikuwa wamekaa matanga, kama fundi wangu na birika lake. Na muda wote waliokaa kimya walikuwa marafiki wazuri kabisa. Balaa lilianza sura ya 4, Elifazi alipofungua kinywa kueleza sababu. Kuanzia hapo ni maelezo juu ya maelezo, kila mmoja ana nadharia yake, na Ayubu anazidi kukonda. Kisha mwendee Mungu mwenyewe sura ya 42: anawaambia hao waelezaji kwamba hawakunena yaliyo sawa katika habari zake, kama alivyonena mtumishi wake Ayubu. Ayubu aliyelalamika! Ayubu aliyeilaani siku aliyozaliwa! Huyo ndiye aliyenena sawa.

Hapo ndipo kitabu kilipofunguka kwangu mara ya pili maishani. Ahadi zilikuwa bado zimefungwa, nilizipita tu. Nilichokipata ni mtu. Kulikuwa na mtu mle ndani aliyekaa majivuni na akakataa kuambiwa kwamba yote ni heri.

Sasa niwaambie habari ya Biblia yenyewe, maana sikuwa nasoma yangu. Ilikuwa ya marehemu. Mnazijua hizi, Union, ganda jeusi, ile ya 1952 iliyokuja kushika mahali pa tafsiri mbili za zamani, ya Kiunguja na ya Kimvita. Mgongo wake umeshikiliwa kwa plasta ya hospitali. Ndani mna risiti ya duka la vitambaa, jani la mrehani lililokauka mpaka likawa kama karatasi, na karatasi aliyoandika madeni ya chama cha akina mama. Mama mwenyekiti, usiogope, sitasoma majina.

Mke wangu hakuwa mtu wa kuandika maelezo pembeni. Yeye aliandika tarehe tu, kwa penseli, herufi ndogo ndogo. Anasoma mahali, pakimgusa anaweka tarehe, basi. Kwa hiyo ukiijua nyumba yetu unaweza kuusoma ukurasa kama shajara. Pana tarehe aliyozaliwa mjukuu wa kwanza, kando ya Zaburi 127. Pana tarehe ambayo mimi nilikatazwa uhamisho niliouomba, naye kaiweka kwenye Mithali, kando ya aya ya ulimi, na ninajua kwa nini. Kumbe miaka yote mtu amelala ubavuni mwako anakuandikia, na huna habari.

Kuna tarehe moja ya mwezi wa Agosti, miezi saba kabla hajafariki. Siku ile ninaikumbuka vizuri. Ndiyo siku tuliyochukua majibu hospitalini. Tulipotoka, kwenye matatu akanishika goti akasema, "Usiwe na wasiwasi, Mwalimu, Mungu yupo." Tulipofika steji akaninunulia mahamri, tukaenda nyumbani tunakula njiani kama watoto. Usiku akaimba wakati anaosha vyombo. Nikalala nikisema moyoni, mke wangu ni shujaa.

Tarehe ile nimeikuta kando ya Zaburi 88.

Sijui wangapi hapa mmewahi kuisikia ikisomwa kanisani. Mimi sikumbuki hata mara moja. Inaanza, "Ee BWANA, Mungu wa wokovu wangu, mchana na usiku nimelia mbele zako." Zaburi nyingi za kilio huanza hivyo, kisha mahali fulani zinageuka. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne, lakini ikifika mwisho inaimba. Ya 22 inaanza kwa kuachwa, inamalizia katika kusanyiko. Hii ya 88 haigeuki. Inashuka, inashuka, na neno lake la mwisho ni kwamba mpenzi na rafiki wametengwa naye, "nao wanijuao wamo gizani." Ukurasa umekwisha. Zaburi ya 89 inaanza, habari nyingine.

Na maneno yale, "wamo gizani", alikuwa ameyapigia mstari.

Nitasema kilichonipata, hata kama si kizuri. Nilikasirika. Nilimkasirikia maiti. Kwa nini hukuniambia? Mahamri yale yalikuwa ya nini? Kisha hasira ikatulia nikaiona picha yote. Usiku ule na mimi sikulala mpaka saa tisa. Nilijifanya nimelala, napumua taratibu, ili asijue kwamba naogopa. Naye alikuwa amesubiri nilale, au adhani nimelala, akaamka akawasha tochi ya simu akasoma Zaburi 88. Watu wawili kitanda kimoja, kila mmoja analinda usingizi wa mwenzake ambao haupo.

Basi nikaisoma ile Zaburi kwa sauti, yote, aya 18. Nikachukua penseli nikaweka tarehe yangu chini ya yake. Tumekutana pale. Tumechelewana tu.

Mtu akiniuliza faraja ya kusoma Maandiko ni nini, mimi jibu langu ni hilo, na sina jingine la maana kulizidi. Sikuambiwa kwamba mambo yatakuwa mema. Nilikuta kwamba palipokuwa na giza palikuwa na mtu kabla yangu, na kabla yake palikuwa na mwingine, mpaka kwa yule mwimbaji ambaye kichwa cha Zaburi kinamwita Hemani Mwezrahi. Na kwamba wazee waliokusanya zile Zaburi 150 waliiona hii isiyo na mwisho mwema, hawakuitoa, hawakuiongezea aya ya kuisafisha. Waliona tutaihitaji. Wataalamu wanaozipanga Zaburi kwa aina wanasema za kilio ndizo nyingi kupita aina nyingine yoyote. Kwenye nyimbo zetu za Jumapili, je? Mkurugenzi wa kwaya yuko hapa, ananitazama vibaya, na mimi namwachia swali hilo alibebe mpaka nyumbani.

Msinielewe vibaya. Ile Zaburi ya 23 tunayoisoma kwenye kila mazishi naipenda. Lakini niliifundisha vibaya miaka mingi. Nilikuwa nawakaririsha watoto kama shairi la mifugo, majani mabichi na maji ya utulivu. Sasa nikiisoma naisoma kama mwalimu wa sarufi. Angalieni nafsi. "BWANA ndiye mchungaji wangu." Yeye. "Katika malisho ya majani mabichi hunilaza." Yeye. "Hunihuisha nafsi yangu." Yeye, bado nafsi ya tatu, mtu anayesimulia habari za mwingine ambaye labda hayupo hapo. Kisha inafika aya ya 4: "Naam, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti, sitaogopa mabaya, kwa maana Wewe upo pamoja nami." Wewe! Penye majani mabichi alikuwa anaongea juu ya Mungu. Bondeni anaongea naye. Hakuna aliyetangaza badiliko hilo, hakuna "kisha nikamwambia". Limetokea tu, kama mtoto anayejigamba kwa wenzake habari za baba yake mchana kutwa, na giza likiingia anaita, "Baba!"

Na hiyo "nijapopita". Vijana siku hizi hawaijui tena -japo-. Wanasoma Habari Njema, na ni tafsiri safi, inaeleweka, siisemi vibaya. Lakini -japo- ina uzito wake. Inakiri kwamba bonde lipo na kwamba nitapita. Haisemi "kama nitapita". Samahani, mama mwenyekiti anatazama saa. Mwalimu wa Kiswahili ukimpa Zaburi, umempa ng'ombe malisho.

Nikiwa bado kwenye lugha, kuna kisa cha mji wetu huu ambacho kila nikikikumbuka naishika Biblia kwa namna nyingine. Mwezi Juni 1844, hapa Mombasa, Johann Ludwig Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Alikuwa ametua mjini wiki chache tu, hakuijua lugha ya kutosha kufanya kazi hiyo peke yake. Aliyemsaidia alikuwa kadhi, Sheikh Ali bin Muhiddin. Hebu waoneni wamekaa, Mjerumani wa misheni na kadhi wa Mombasa, wanatafuta neno la Kiswahili la "hapo mwanzo". Mwezi uliofuata, Julai, mkewe Rosine akafa kwa homa baada ya kujifungua, na siku chache baadaye mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa hiyo hiyo. Na huyo hakuwa mtoto wao wa kwanza kufa. Walipokuwa safarini Uhabeshi walipoteza binti aliyezaliwa njiani kabla ya wakati, na baba yake akampa jina Eneba. Kwa Kiamhari maana yake ni chozi.

Kaburi la Rosine liko ng'ambo hapo, Nyali. Krapf aliwaandikia wakuu wake barua ambayo imenukuliwa mara nyingi, kwamba sasa kuna kaburi la misheni pwani ya Afrika Mashariki, na hiyo ni dalili ya vita vilivyoanza. Maneno makubwa. Mimi, nikisema kweli, hayo yananipita kando. Ninachokiwaza ni asubuhi aliyorudi mezani. Kalamu iko, karatasi ziko, na kitabu anachotafsiri ni Mwanzo, ambacho Ibrahimu anamlilia Sara na kununua pango la kumzika. Mgane anatafsiri habari za mgane. Sura tatu za kwanza zilichapwa Marekani mwaka 1847. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka 1891, na Krapf alikuwa amefariki miaka kumi nyuma.

Fundi wangu nilipomsimulia kisa hiki hakushangaa hata kidogo. Alisema, "Sasa ulidhani Zaburi na Injili ni maneno ya nani, Mwalimu? Mliyakuta kwetu." Na ni kweli, majina yenyewe yalikuwa yamo midomoni mwa watu wa pwani kabla misheni haijafika. Hata "faraja" ni neno la asili ya Kiarabu, na kule lilikotoka maana yake ni kufunguka kwa kilichobanwa. Hiyo naikubali zaidi kuliko "kutulizwa". Mtoto hutulizwa kwa titi au kwa kudanganywa. Kufunguka ni jambo jingine. Unaweza kufunguka ukalia zaidi.

Niwape habari ya Eliya kwa ufupi, kwa ajili ya wale ambao hamli vizuri. Najua mpo. 1 Wafalme 19. Nabii amekaa chini ya mretemu, anasema, "Yatosha, sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu." Malaika anakuja. Angekuwa mmoja wetu, angemnukulia aya. Malaika anamgusa anamwambia, "Inuka, ule." Kuna mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, analala tena! Malaika hamkaripii, anarudi mara ya pili na chakula, anamwambia safari hii ni kubwa mno kwako. Ile sauti ndogo ya utulivu tunayoihubiri sana iko mbele huko, baada ya milo miwili na usingizi mara mbili. Kwa hiyo mwenzio anayekuletea wali kwenye hotipoti amefanya kazi ya malaika, na usimrudishie hotipoti tupu, ni aibu.

Sasa lile joho.

Mwaka wa kwanza nilisoma Ayubu, Zaburi na Maombolezo tu. Agano Jipya lilinishinda, lilikuwa na uhakika mno kwangu. Nililirudia kwa mlango wa uani, kwa zile aya ambazo sisi wasomaji wa Jumapili tunazipita haraka, salamu na majina. Warumi sura ya 16 ni kama tangazo la mwisho wa ibada. Nisalimieni Priska na Akila, nisalimieni Epaineto, nisalimieni Mariamu. Katikati pale kuna Rufo, "na mamaye, aliye mama yangu pia". Paulo, yule wa hoja ngumu, alikuwa na mama wa kuokota mahali. Alimpikia nini? Alimfulia? Hatuambiwi, ila alikuwako mwanamke mmoja aliyemwona mwalimu huyu mkali akiwa hana mtu, akamfanya mwanawe. Na aya ya 22 kuna jamaa anayechungulia tu: "Mimi Tertio, niliyeandika waraka huu, nawasalimu katika Bwana." Mwandishi! Amechapa mistari ya Paulo sura 16, vidole vinauma, akaona na yeye ajitaje. Kama karani wa ofisi angefanya hivyo angefukuzwa kazi. Mimi nimempenda.

Kisha 2 Timotheo sura ya 4. Tunaihubiri ile "nimevipiga vita vilivyo vizuri, mwendo nimeumaliza". Inaandikwa kwenye misalaba ya makaburi. Lakini endeleeni kusoma chini yake, maana msalaba hautoshi kuandika yote. Paulo amefungwa. Dema amemwacha. Kreske kaenda Galatia, Tito kaenda Dalmatia. "Luka peke yake yupo hapa pamoja nami." Anasema aliposimama kujitetea mara ya kwanza watu wote walimwacha. Na katikati ya hayo anamwambia kijana wake: lile joho nililoliacha kwa Karpo huko Troa, ujapo ulilete, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi. Na mistari michache mbele, jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi.

Nililia kwenye aya ya joho. Nililia kuliko siku ya mazishi. Mtume aliyeona mbingu ya tatu anasikia baridi, anataka nguo yake na vitabu vyake, na anataka mtu aje. Amemaliza mwendo, sawa, lakini usiku una baridi. Nilikuwa nimekaa na ile leso ya mke wangu mabegani, ile ya rangi ya zambarau, maana usiku Julai hapa kwetu upepo wa kusi unaingia dirishani. Hakuna aliyejua kwamba navaa leso ya marehemu usiku. Sasa mnajua. Paulo hajui, lakini asingecheka.

Tangu siku ile nikaacha kusoma peke yangu. Nilimwona Paulo anayetaka vitabu anataka na Timotheo pia, katika pumzi moja. Nikakumbuka na yule Mhabeshi wa Matendo sura ya 8, mtunza hazina wa malkia, mtu mkubwa, ana gari lake na ana kitabu chake cha Isaya, mali ya thamani. Anasoma kwa sauti, ndiyo maana Filipo anamsikia. Anaulizwa kama anaelewa, naye hajifanyi. Anamsihi apande akae naye. Mwafrika wa kwanza tunayemwona akisoma kitabu katika Agano Jipya anasogea kitini ili mwenzake apate nafasi.

Ndivyo ilivyoanza hii Alhamisi yetu, ambayo baadhi yenu mmeisikia. Tulikuwa wawili, mimi na mgane mmoja wa mtaa wa chini, ambaye macho yake yameingia mtoto wa jicho. Mimi nasoma, yeye anasikiliza, kisha anasema, "Rudia." Mara nyingi hilo ndilo fundisho lote la jioni. Sasa tuko tisa. Kila mmoja anasoma kidogo, kwa sauti, na hakuna kueleza mpaka sura iishe, hiyo ndiyo sheria pekee tuliyoiweka, kwa heshima ya Ayubu. Bibi mmoja hajui kusoma. Yeye tumempa Zaburi ya 121 aikariri, naye hutufungulia nayo: "Nitayainua macho yangu niitazame milima, msaada wangu utatoka wapi?" Akifika kwenye hilo swali hunyamaza kidogo. Mara ya kwanza tulidhani amesahau. Hajasahau. Anangoja kama mtu aliyeuliza kweli. Fundi wangu huja na kahawa, hukaa barazani nje, na tukikosea kutamka jina la Ibrahimu au Yusufu huturekebisha kutoka dirishani.

Alhamisi hii tunafika Maombolezo sura ya 3. Ina aya 66, na kwa Kiebrania imepangwa kwa herufi, kila herufi aya tatu, herufi zote 22, kama zile tenzi za wazee wetu zinazofuata alifu mpaka ye. Mwombolezaji amelia kwa mpangilio ili asisahau kitu. Aya ya 22 mnaijua nyote, "Ni huruma za BWANA kwamba hatuangamii", imeandikwa hata kwenye vioo vya matatu. Sisi tutaanza aya ya kwanza, "Mimi ni mtu aliyeona mateso", na tutazipita zote 21 pole pole kabla hatujafika pale. Ni saa kumi na moja, nyumbani kwangu. Mwenye miwani aje nayo, maana taa ya sebuleni ni hafifu na Union yangu ina herufi ndogo. Mje na vikombe. Fundi ameshaniambia vyake havitoshi.